Nilimwiga mama jukwaani, sasa hapigi tena simu ya marehemu

Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni mwanamume wa miaka 31, fundi wa simu, na kibanda changu kiko karibu na steji kuu ya matatu. Nyumbani kwetu ni Bunyore, ukishapita soko la Luanda. Barua hii nimeiandika nikaifuta mara tatu.

Mwezi wa tatu mdogo wangu alifariki. Alikuwa na miaka 24, kitinda mimba wetu, akiendesha boda boda pale Luanda. Lori lilimgonga usiku akitoka kumfikisha abiria Maseno. Mtu aliyemkuta barabarani alinipigia kwa simu ya ndugu yangu mwenyewe. Kwa hiyo niliona jina lake likiwaka, nikapokea huku nacheka, maana nilijua anataka pesa ya petroli. Kicheko kile bado nakisikia.

Simu hiyo nilikabidhiwa pale mochari pamoja na funguo za pikipiki. Kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, na betri iliisha usiku ule ule. Shangazi, mimi hubadilisha vioo kumi kwa siku, siku nyingine kumi na vitano. Kioo cha simu yake kinauzwa hatua chache kutoka kibandani kwangu. Lakini tangu Machi simu iko kwenye droo ya meza yangu ya kazi na sijalegeza hata skrubu moja. Mama nilimwambia ilipotea barabarani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mcheshi wa nyumbani alikuwa yeye, si mimi. Tukiwa watoto tulikuwa tukimtazama Churchill, yule mchekeshaji wa televisheni, kwa jirani, tumesimama dirishani kwa sababu ndani kulijaa, na tukirudi nyumbani alilirudia onyesho zima akiwa ameshika mwiko wa mama kama maiki. Mwezi wa saba rafiki yangu alinipeleka mahali fulani hapa mjini ambapo kila Alhamisi jioni mtu yeyote anaweza kuandikisha jina, apande, achekeshe watu dakika tano. Sijui nilipata wapi ujasiri, ila niliandikisha. Nilipofika mbele nikajikuta naeleza habari ya suti.

Ndugu yangu alikuwa na tabia ya kuvaa nguo zangu bila kuniuliza. Siku ya kumvisha ikaonekana hana suti, na wazee wakaamua avae yangu ya kijivu, niliyoshonewa kwa ajili ya harusi ya rafiki. Basi nikawaambia watu kwamba miaka yote nilikuwa nikimfuata hadi Luanda kudai nguo zangu, na sasa ameondoka na suti kwenda mahali ambako siwezi kumfuata, tena kama namjua vizuri, huko aliko anawaambia wenyeji ni yake. Watu walicheka. Mama mmoja wa mezani mbele alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya leso. Usiku huo nililala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu Machi.

Nikaendelea kila Alhamisi. Watu wakaanza kunijua. Kufikia Oktoba nilikuwa nimeishiwa na vya kusema, na ndipo nikakumbuka simu za mama.

Wiki ile ya mazishi nililala sebuleni. Kila jioni, kuku wakishafungiwa, mama alichukua simu yake akapiga nambari ya ndugu yangu. Kwa kuwa simu imezimika, alijibiwa na ile sauti ya mwanamke: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole, "Haya, asante mama," akakata. Dada yangu aliniambia hata baada ya miezi alikuwa bado anapiga.

Hilo nililipeleka jukwaani, na nikaliongezea chumvi. Mama wa kwangu wa jukwaani aligombana na yule mwanamke, akamwambia amwamshe mtoto, akamshuku kuwa ndiye msichana anayemficha. Nilitumia sauti ya mama, hata kikohozi chake. Shangazi, watu walianguka vitini. Sijawahi kupigiwa makofi vile.

Mtu alirekodi. Binamu yangu akaiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, na dada yangu, bila nia mbaya, akamwonyesha mama. Mama hakusema neno. Ami yangu ndiye aliyenipigia kunikaripia kwamba mtu hacheki kabla mwaka wa msiba haujaisha, na kwamba naita mikosi. Hilo naweza kulistahimili. Ila juma lililopita dada aliniambia mama hapigi tena ile nambari. Jioni ikifika anaiweka simu kabatini. Na mimi, ambaye alikuwa akinipigia kila Jumapili baada ya kanisa, hajanipigia Jumapili tatu.

Nimealikwa kuchekesha Nakuru mwezi wa kumi na mbili, kwenye onyesho la kulipwa, la kwanza maishani mwangu. Wanataka hasa ile ya simu. Je, ni vibaya kuchekesha watu ukiwa na msiba? Niache jukwaa? Tangu mazishi sijarudi nyumbani, niliondoka hata kabla ya siku ya kunyolewa. Alhamisi malipo yetu ni bia, na zamani moja ilinitosha, sasa nakunywa nne. Kuna usiku nikitoka pale natamani lori lile lingenikuta mimi. Nishauri.

Kaka Mkubwa, Kisumu

*

Mwanangu,

Pole. Najua umeambiwa neno hilo mara nyingi hata limechakaa, lakini sina lingine la kuanzia.

Nianze na sentensi uliyoiweka mwishoni, ile ya lori. Umeipitisha haraka kama mtu anayepita mbele ya wazee bila kutaka kuonekana, nami nimekuona. Ndugu wengi wakubwa hutamani wangekufa wao badala ya mdogo, na kutamani hivyo si wazimu wala si dhambi. Ila tamaa hiyo ikikujia usiku, ukiwa peke yako, ukiwa na bia nne kichwani, isiachwe ikae nawe chumbani. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mchague mtu mmoja umwambie maneno yale yale uliyoniandikia. Yule rafiki aliyekupeleka Alhamisi ya kwanza anatosha. Ukishindwa kumwambia mtu unayemjua, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure na utapokewa na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Na ukiona tamaa inaanza kugeuka kuwa mpango, nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo, usingoje kuche. Sisemi haya kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa kusemwa gazetini. Nayasema kwa sababu mama yako ameshazika mtoto mmoja mwaka huu.

Bia nazo zipunguze kuanzia Alhamisi hii. Waambie wenye mahali pale wakulipe nauli au chakula. Kama hawataki, panda, chekesha, shuka, uende nyumbani.

Sasa swali lako. Kuchekesha watu ukiwa na msiba si vibaya. Ami yako ana haki ya kuumia, na huenda amesema kwa uchungu wa kumpoteza mtoto wa nduguye, lakini katika hili sikubaliani naye. Nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye mkesha wa matanga, saa nane za usiku, moto umepungua, akasikia mtu anasimulia kisa cha marehemu hadi watu wanashikana mabega kwa kicheko? Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa harusini na hupigwa mazishini. Watu wetu hawakuwahi kuvitenganisha vitu hivi viwili kwa ukuta.

Nikuambie yaliyonipata mimi. Mume wangu nilimzika Shinyalu mwaka 2009. Siku tatu sikulia. Nilikuwa nagawa chai, nahesabu sahani, naonyesha watu pa kulala. Usiku wa mkesha akainuka mzee mmoja aliyetahiriwa pamoja na mume wangu. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu, akaanza kutembea kama yeye, ule mguu wa kushoto ukiburuta kidogo kwa ajili ya goti. Akaja mpaka mbele yangu akaniuliza, kwa sauti ile ile, chai yake iko wapi, kwa nini wageni wamekunywa wote naye mwenye nyumba hajapewa. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilimtazama kwa hasira kwa muda wa kupepesa jicho, kisha nikacheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio ambacho kilikuwa kimekwama kifuani siku zote tatu. Mpaka leo namshukuru mzee yule.

Lakini kuna mambo mawili niliyoyatambua baadaye, na ndiyo yaliyonifanya nichague barua yako kati ya nyingine.

Kwanza, mzee yule ndiye aliyeanza kuchimba kaburi alfajiri. Alikuja na kuni zake mwenyewe begani. Wageni walipoondoka yeye alibaki mpaka siku ya kunyolewa, akarekebisha lango lililovunjwa na magari. Ukienda Tanzania utakuta jambo hili lina jina na utaratibu wake: utani. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kumdhihaki marehemu mbele ya jeneza lake, kumwiga, hata kuwazuia waombolezaji mpaka wampe chochote. Hakuna anayekasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayetumwa kazi za mazishi ambazo wafiwa hawawezi kuzifanya. Ruhusa ya kuchekesha na jembe la kaburi anavipokea kwa mkono mmoja.

Pili, mzee alimwiga mume wangu. Hakuniiga mimi. Baadaye kidogo kijana mmoja wa ukoo, akiona watu wamechangamka, alianza kuiga vile dada za marehemu walivyokuwa wakilia walipofika langoni, mikono kichwani. Mzee akamshika mkono akamkalisha. Hakumgombeza. Alimkalisha tu, na mchezo ukaisha.

Umeona ninakokwenda. Kisa cha suti ni chako. Suti ilikuwa yako, ndugu alikuwa wako, na tabia ya kukwapua nguo ilikuwa kati yenu wawili. Nilipokisoma nilicheka, kisha nikaiweka barua chini kwa muda, kwa sababu nilimwona kijana huyo akiwa hai, amevaa shati la kaka yake pale Luanda na kujidai ni lake. Marehemu anatoka katika kisa hicho akiwa mzima kuliko alivyoingia. Kiseme popote. Kiseme Nakuru, kiseme ukiwa mzee.

Simu za mama si zako. Ulizisikia kwa sababu ulilala sebuleni. Jambo alilolifanya kuku wakishafungiwa, akidhani hakuna anayemsikiliza isipokuwa yule mwanamke wa kwenye mtambo, ulilichukua ukalipeleka mbele ya watu wanaokunywa. Tena hukulipeleka lilivyo. "Haya, asante mama" ni maneno ya mtu mwenye adabu hata katikati ya maumivu. Wewe ukamfanya mgomvi asiyeelewa kuwa mwanawe amekufa. Mama yako anaelewa. Hakuna anayeelewa kuliko yeye. Alikuwa akipiga kwa sababu ni saa ambayo zamani mtoto alipokea, na sauti yoyote ikijibu kwenye nambari ile ni bora kuliko ukimya. Wengine huenda kaburini, wengine huvaa sweta la marehemu. Yeye alipiga simu. Ulipomwonyesha kwamba jambo hilo linachekesha, akaona haya, akaliacha.

Sikusemi ili nikuongezee mzigo. Wachekeshaji wa kazi hii, hata wakubwa, hupita hapa hapa. Yuko Mmarekani mmoja, Tig Notaro. Mwaka 2012 mama yake alifariki ghafla baada ya kuanguka, na miezi michache baadaye yeye mwenyewe akaambiwa ana saratani ya matiti. Tarehe 3 Agosti mwaka huo alipanda jukwaani Los Angeles, akawasalimu watu na kuwaambia papo hapo kwamba ana saratani. Watu hawakujua wacheke au walie. Katika maneno yake ya usiku ule alisimulia jinsi hospitali ilivyomtumia mama yake fomu ya maswali, ikitaka kujua alihudumiwaje, ilhali mama ameshazikwa. Tazama kicheko kinamwangukia nani: mtambo wa ofisi unaotuma barua kwa wafu. Hakikumwangukia mtu aliyekaa nyumbani analia. Nawe ulikuwa na mtambo kama huo mkononi mwako. Ile sauti inayosema hapatikani "kwa sasa", kana kwamba atapatikana kesho, ingekutosha. Ukamwacha yeye ukamchukua mama.

Kuna jambo jingine, na hili ni zito kuliko video. Mama alikuwa akipiga nambari ambayo simu yake iko kwenye droo yako. Kila jioni. Nawe umemwambia imepotea.

Najua kwa nini. Ukimpa, lazima uione ikitoka mkononi mwako, na ukiitengeneza itawaka, na ikiwaka jina la mwisho kwenye orodha ya simu zilizopigwa ni lako. Nadhani hiyo ndiyo simu unayoikimbia, zaidi ya kioo chochote. Kile kicheko ulichopokea nacho. Mwanangu, ulicheka kwa sababu jina la mdogo wako lilikufurahisha. Ukiniuliza mimi, ningependa siku moja jina langu likiwaka mahali, mtu apokee hivyo.

Basi hivi ndivyo ningefanya. Alhamisi hii na ijayo usipande. Waambie una safari. Nenda nyumbani. Usimwombe mama radhi kwa simu, wala usiandike kitu kwenye kile kikundi cha familia, kwa sababu huko ndiko alikoaibikia na hapaswi kusamehe akitazamwa. Binamu yako mwambie aifute video, na aliyerekodi mtafute umwombe vivyo hivyo. Huenda imeshasambaa kwa wengine na hutaweza kuifuata yote, lakini mama ajue kwamba uliifuata.

Nenda kama anayekuja kufanya kazi. Uliondoka kabla ya kunyolewa, kwa hiyo kuna kazi ya matanga ambayo wengine waliifanya bila wewe. Sijui boma lenu likoje, lakini lazima kuna ua ulioinama, kuna mabati yanayovuja juu ya jikoni, kuna kaburi ambalo mvua za miezi hii zimelididimiza. Shika jembe. Shinda siku nzima ukifanya kazi ambayo ndugu yako angeifanya, na usizungumzie jukwaa mpaka jioni.

Jioni kuku wakishafungiwa, mwambie kwa ufupi. Kwamba ulimsikia akipiga, na haikuwa haki yako kusema. Kwamba hakufanya kitu cha kuchekwa. Usimweleze jinsi uchekeshaji unavyofanya kazi, wala usimwambie watu walipenda. Kisha mtolee simu na umwambie ilikuwa kwako muda wote. Anaweza kukasirika. Anaweza kunyamaza siku mbili. Kaa hapo hapo, usipande gari la kurudi Kisumu kwa sababu ya ukimya huo. Miezi minane ya kukimbia imetosha.

Kuhusu laini yenyewe, wewe ni fundi na unalijua hili kuliko mimi, lakini huenda mama halijui: nambari ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huichukua na kuiuza upya. Ni miezi minane sasa. Iangalie mapema. Sitaki kabisa mama yako siku akipata moyo wa kupiga tena, apokelewe na kijana mwingine asiyemjua akimwuliza wewe ni nani. Kama laini bado ipo, zungumzeni kuhusu kuihifadhi. Kwa kawaida wataitisha cheti cha kifo na kitambulisho cha mtu wa karibu, kwa hiyo hata hapo mama lazima ahusishwe.

Na kama ndani ya simu kuna sauti ya ndugu yako, zile jumbe vijana wanazotumiana badala ya kuandika, usizicheze kwa sauti ili kumfurahisha. Mwambie zipo. Mengine ayaamue yeye. Kuna mama atataka kuzisikia usiku huo huo na kuna mama atakuambia umhifadhie mpaka mwakani.

Nakuru nenda, ikiwa utakuwa umeshatoka nyumbani kwanza. Waambie mapema, si siku ya onyesho, kwamba ya simu haipo tena. Wakisema bila hiyo hawakutaki, basi wamekusaidia kujua walikuwa wanataka nini. Lakini sidhani watakataa, kwa sababu mtu aliyekipata kisa cha suti atapata vingine. Una mwiko, una dirisha la jirani, una mtoto anayerudia onyesho zima njiani usiku. Hivyo hujavigusa hata kidogo. Ukavikimbilia vya mama ilhali vyako vimejaa.

Jambo moja tu ulichunguze ukiwa peke yako. Uliandika kwamba mcheshi alikuwa yeye. Huenda ulipanda jukwaa ili asinyamaze. Hakuna ubaya hapo, ila mzigo wa kumsemea marehemu kila Alhamisi unachosha, na ikifika siku uko na jambo lako mwenyewe la kusema, lisilomhusu yeye wala kifo chake, liseme. Hutakuwa umemsaliti.

Nenda Jumamosi, usingoje Jumapili, ili usimkute na wageni wa kanisa. Matatu za asubuhi za kwenda Luanda hujaa upesi, wahi. Beba sukari na majani ya chai. Simu ibebe kama ilivyo, kioo hicho hicho kilichopasuka, na kile kipya kiweke kando mfukoni pamoja na bisibisi zako. Akitaka itengenezwe, itengenezee pale pale mezani kwake, yeye akiwa amekushikia tochi.

Shangazi